Sudoku si mkeka: jinsi ya kuchuja namba bila kubahatisha

Watu wengi huanza Sudoku vizuri na kuimaliza vibaya. Namba kumi za kwanza zinaingia zenyewe, halafu mambo yanakwama. Hapo ndipo mtu anapokitazama chumba kinachoweza kuwa 4 au 7, anajisemea "aah, weka 4 tuone". Anaweka. Dakika ishirini baadaye kuna 9 mbili kwenye mstari mmoja, na hajui kosa lilianzia wapi, maana ile 4 imeshazaa namba nyingine kumi na tano. Anafuta zote, au anatupa gazeti.

Tatizo hapo si akili ndogo wala si "mimi hesabu sijui". Tatizo ni kwamba ile 4 haikuwa na sababu. Sudoku iliyotungwa vizuri haikudai ubashiri hata mara moja. Kila namba unayoandika unaweza kuitolea hoja: kwa nini hii, na kwa nini si nyingine yoyote. Ukiweza kujibu swali hilo, umefanya kitu kilekile anachofanya mwanahisabati anapothibitisha jambo. Ukishindwa, umeweka mkeka.

Na tuliweke sawa hili mapema: kwenye Sudoku hakuna hesabu ya kujumlisha wala kutoa. Namba zipo kama majina tu. Ungeweza kutumia herufi tisa, au embe, ndizi, papai na wenzake, na fumbo lingebaki lilelile. Chukua fumbo lolote, kila palipo na 1 andika 5, palipo na 5 andika 1, na kadhalika. Kuna njia 362,880 za kubadilishana majina hivyo, na zote zinakupa fumbo lenye mantiki ileile kwa sura nyingine.

Sheria pengine unazijua. Mraba una vyumba 81: milalo 9 (mistari ya kulala), wima 9 (mistari ya kusimama), na maboksi 9 ya vyumba tisa tisa. Kila mlalo, kila wima na kila boksi lazima uone namba 1 hadi 9, kila moja mara moja. Kwa urahisi tuite mlalo, wima au boksi kwa jina moja: nyumba. Kila nyumba ina vyumba tisa na wapangaji tisa, hakuna chumba kinachobaki kitupu na hakuna mpangaji anayelala nje.

Sentensi hiyo ya mwisho isome tena, maana mbinu zote zinatoka humo. Kwa sababu hakuna chumba kitupu, unaweza kukiuliza chumba: "Nani anaweza kukaa hapa?" Na kwa sababu hakuna mpangaji anayelala nje, unaweza kumuuliza mpangaji: "Wewe, katika nyumba hii, unaweza kukaa wapi?" Ni maswali mawili tofauti kabisa. Wengi wanaokwama wanauliza la kwanza tu.

Tufanye kwa vitendo. Chukua kalamu na unakili mraba huu:

1 8 . | 3 2 5 | . . .
9 . 6 | . . . | 8 . .
. . 3 | . . . | . . .
------+-------+------
. 4 . | . 3 . | . 2 .
5 6 . | 8 . 7 | . 4 3
. 1 . | . 9 . | . 6 .
------+-------+------
. . . | . . . | 7 . .
. . 8 | . . . | 3 . 5
. . . | 9 4 8 | . 1 6

Nukta ni chumba kisichojazwa. Nitakitaja chumba kwa mlalo na wima wake: M5W3 ni mlalo wa 5 kutoka juu, wima wa 3 kutoka kushoto. Maboksi tunayahesabu kama unavyosoma kitabu, kwa hiyo boksi la 1 liko juu kushoto, la 5 ni la katikati kabisa, la 9 chini kulia.

Anza na M5W5, chumba cha katikati. Mlalo wake una 5, 6, 8, 7, 4 na 3, kwa hiyo wagombea waliobaki ni 1, 2 na 9. Sasa tazama wima wa 5: 2 ipo juu, 9 ipo chini yake. Wagombea wawili wamechujwa, amebaki 1. Andika 1 kwa wino. Hukukisia chochote; umewafukuza wanane na wa tisa akabaki hana mpinzani. Hii ndiyo mbinu ya kwanza, tuiite mgombea pekee.

Mlalo huohuo sasa umebakiza 2 na 9, na vyumba viwili, M5W3 na M5W7. Chumba cha M5W7 kiko boksi la 6, ambalo tayari lina 2 (ipo M4W8). Basi M5W7 ni 9, na M5W3 inabaki na 2. Mlalo wa 5 umekwisha.

Sasa swali la pili, lile ambalo watu hulisahau. Nenda boksi la 4, kushoto katikati. Usiulize chumba, muulize 3: "Humu unakaa wapi?" Mlalo wa 4 una 3 tayari. Mlalo wa 5 pia una 3 yake. Kwa hiyo ndani ya boksi hili 3 imebaki na mlalo wa 6 tu, wenye vyumba viwili vitupu: M6W1 na M6W3. Lakini wima wa 3 una 3 kule juu, M3W3. Imebaki M6W1. Andika 3.

Ona kilichotokea. Ungekiuliza chumba M6W1 chenyewe, kingekujibu "naweza kuwa 3, 7 au 8", na ungepita ukasema hapa hakuna kitu. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa limejificha nyuma ya wagombea wengine. Hii ndiyo mbinu ya pili, chumba pekee: namba yenye mahali pamoja tu pa kukaa katika nyumba, hata kama mahali hapo panaonekana pana wagombea wengi. Kwa maoni yangu, anayeijua vizuri hii moja anamaliza mafumbo mengi ya magazetini bila kuhitaji mbinu nyingine.

Boksi la 4 sasa linateremka lenyewe. Zimebaki 7, 8 na 9. M6W3 haiwezi kuwa 9 (ipo kwenye mlalo) wala 8 (ipo kwenye wima), basi ni 7. M4W1 haiwezi kuwa 9 kwa sababu wima wa 1 unayo, basi ni 8. M4W3 ni 9. Na ukitazama juu, M1W3 nayo imekwisha: mlalo wake unadai 4, 6, 7 au 9, na wima wa 3 sasa una 6, 7 na 9. Ni 4.

Hadi hapa tumechuja ili kupata namba. Kuna ngazi ya juu zaidi, ya kuchuja ili kuchuja tena, na hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu.

Rudi boksi la 1. Zimebaki 2, 5 na 7, na vyumba M2W2, M3W1 na M3W2. Iulize 5 inakaa wapi. M3W1 haiwezekani, wima wa 1 una 5 tayari. Basi 5 iko M2W2 au M3W2. Ipi? Hatujui. Ila hata bila kujua, kuna jambo tunalijua kwa uhakika: vyumba vyote viwili viko wima wa 2. Yaani 5 ya wima wa 2 iko ndani ya boksi la 1, iwe juu au chini. Kwa hiyo vyumba vingine vyote vya wima wa 2 vinaweza kufuta 5 kwenye orodha zao, ikiwemo M7W2 na M9W2 kule chini kabisa.

Hebu tulia hapo kidogo. Umepata ukweli kuhusu chumba cha mlalo wa 9 kwa kutumia jambo ambalo hujalimaliza kwenye mlalo wa 2. Ni kama kujua kuwa jirani yako yuko nyumbani, chumbani au sebuleni hujui, lakini sokoni hayupo. Kutojua yote hakukuzuii kujua kitu.

Endelea basi. Kwenye boksi la 7, wima wa 1 una 5 tayari na wima wa 2 tumeufuta, kwa hiyo 5 lazima iangukie wima wa 3. Na wima wa 3 umebakiza vyumba viwili, M7W3 na M9W3, na namba mbili, 1 na 5. Mlalo wa 9 una 1. Basi M9W3 ni 5 na M7W3 ni 1. Umeona? 5 imekaa palepale mchujo uliposema.

Fumbo hili ni jepesi, halihitaji zaidi ya hapo. Kwa mbinu inayofuata nitachukua mlalo mwingine wa kufikirika, uliobakiza vyumba vitano na namba 2, 4, 6, 7 na 9. Tuseme umeandika wagombea wa kila chumba kwa penseli, kwa herufi ndogo pembeni, ukapata hivi: chumba A kina 2 na 7, B kina 2 na 7, C kina 2 na 4, D kina 4, 6 na 9, E kina 4, 6, 7 na 9.

Uliza maswali yetu mawili. Hakuna chumba chenye mgombea mmoja. Hakuna namba yenye chumba kimoja. Wengi hapa ndipo wanapobeti. Lakini tazama A na B: vyumba viwili, wapangaji walewale wawili. Ikiwa A ni 2, B ni 7. Ikiwa A ni 7, B ni 2. Vyovyote iwavyo, 2 na 7 zimeshapata makazi, na hazina shughuli kwingine kwenye mlalo huo. Futa 2 kwenye C: inabaki 4. Futa 7 kwenye E. C ikiwa 4, basi D na E zinapoteza 4 na kubaki na 6 na 9, jozi nyingine ambayo itakusaidia kwenye wima zake.

Hii ni jozi. Inafanya kazi vilevile kwa watatu: vyumba vitatu vya nyumba moja ambavyo wagombea wao wote kwa pamoja ni watatu tu. Si lazima kila chumba kiwe na wote watatu. 1 na 5, 5 na 8, 1 na 8 ni utatu halali kabisa. Watu huukosa kwa sababu wanatafuta vyumba vinavyofanana sura, kumbe kinachohesabika ni idadi.

Kuna moja zaidi ambayo lazima niitaje kwa sababu jina lake linatisha watu bure: X-Wing. Chukua namba moja, tuseme 5. Kwenye mlalo wa 2 inaweza kukaa wima wa 4 au wa 9 tu. Kwenye mlalo wa 8 nayo vilevile: wima wa 4 au wa 9 tu. Ikiwa ile ya juu iko wima wa 4, ya chini haiwezi kuwa wima huohuo, itaenda wa 9. Ikiwa ya juu iko wa 9, ya chini itaenda wa 4. Kwa vyovyote, wima wa 4 na wima wa 9 zimepata 5 zao kutoka milalo hiyo miwili, kwa hiyo futa 5 kwenye vyumba vyao vingine vyote. Ni jozi ileile ya A na B, ila safari hii tumehesabu mahali badala ya namba. Hakuna uchawi.

Je, na ukikwama kabisa hata baada ya hayo yote? Hapo unaruhusiwa kujaribu, kwa sharti moja: ujaribu kama mwanasheria, si kama mcheza kamari. Sema "tuseme hapa ni 4", fuata matokeo kwenye karatasi ya pembeni, na ukigongana na jambo lisilowezekana, umethibitisha kuwa si 4. Waliobaki wakiwa wawili, basi ni 7, na hiyo ni hoja kamili yenye heshima zake. Yule wa mwanzo wa makala alifanya karibu jambo hilohilo. Tofauti ni kwamba yeye aliandika dhana kwa wino uleule wa ukweli, na baada ya hapo hakuweza kuvitenganisha.

Kompyuta, kwa njia, huwa inafanya hivyo bila aibu. Programu rahisi ya kutatua Sudoku inaweka namba, inaendelea, ikigonga ukuta inarudi nyuma na kuweka nyingine. Inaweza kwa sababu haisahau ilipopita na haichoki. Lakini usidhani ni suala la kasi tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Japani, Takayuki Yato na Takahiro Seta, walionyesha kwamba Sudoku ikikuzwa kuwa mraba wa ukubwa wowote, inaingia kwenye kundi la matatizo ambayo wanasayansi wa kompyuta huyaita NP-kamili. Kukagua jibu ambalo mtu amekuletea ni rahisi. Kulitafuta mwenyewe, hakuna mtu duniani anayejua njia ambayo ni ya haraka kila mara. Wala hakuna aliyethibitisha kuwa njia hiyo haipo.

Mraba wetu wa 9 kwa 9 ni mdogo, lakini si mdogo kihivyo. Mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu miraba yote iliyojazwa kwa kufuata sheria, wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. Tarakimu 22. Namba chache ulizopewa mwanzoni zinachuja umati huo wote hadi abaki mmoja.

Chache kiasi gani? Sisi tulipewa 30. Kwa miaka mingi watu walijua mafumbo ya namba 17 yenye jibu moja, maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyewahi kuona la 16. Januari 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin, Ireland, walitangaza kuwa la 16 halipo. Walilipata hilo kwa mchujo wa kompyuta uliokula takriban saa milioni 7 za kazi ya prosesa. Si kwamba 17 yoyote inatosha, nyingi hazitoshi. Ila chini ya hapo hakuna.

Kuna sehemu ndogo ya suala hilo unayoweza kuithibitisha mwenyewe sasa hivi, bila kompyuta. Namba za mwanzo lazima ziwe na angalau tarakimu nane tofauti. Kwa nini? Tuseme hazina 3 wala 8. Tatua fumbo, halafu kila palipo na 3 weka 8 na palipo na 8 weka 3. Sheria zote bado zinatimia, na namba za mwanzo hazijaguswa. Umepata jibu la pili, kwa hiyo fumbo halikuwa halali.

Hoja hiyo ya kubadilishana imezaa mbinu ambayo inaleta ubishi, na mimi mwenyewe nina upande. Tuseme una vyumba vinne vinavyofanya pembe nne: milalo miwili, wima mbili, maboksi mawili. Vitatu kati yake vina 3 na 8 tu, cha nne kina 3, 8 na 5. Wajuzi watakwambia cha nne ni 5 moja kwa moja. Kwa sababu kisipokuwa 5, pembe zote nne zitakuwa 3 na 8, zinaweza kubadilishana nafasi, na fumbo litakuwa na majibu mawili. Na tumeahidiwa jibu moja.

Ni hoja nzuri, lakini angalia imesimama juu ya nini. Haikutoka kwenye sheria za mchezo. Imetoka kwenye ahadi ya mtungaji. Kama mtungaji alizembea na fumbo lake lina majibu mawili kweli, utakuwa umethibitisha kitu ambacho si lazima kiwe kweli. Kwenye mashindano, ambako muda ni pesa na watungaji ni makini, itumie. Kwa fumbo usilojua limetoka wapi, mimi naiweka pembeni mpaka nimalize njia nyingine, maana napenda kujua kama hitimisho langu limetokana na nilichokiona au na nilichoambiwa.

Jina lenyewe, kwa wanaouliza, ni la Kijapani lakini mchezo si wa huko. Ulitokea Marekani mwaka 1979 katika gazeti la mafumbo la Dell kwa jina la Number Place, na anayetajwa kuwa mtunzi ni Howard Garns, msanifu majengo. Kampuni ya Nikoli iliupeleka Japani mwaka 1984 na kuupa jina refu ambalo kwa kifupi likawa Sudoku. Maana yake inakaribia kusema kila tarakimu iwe kapera. Wayne Gould, jaji mstaafu wa Hong Kong aliyeandika programu ya kuyatunga, ndiye aliyelishawishi gazeti la The Times la London kuanza kuyachapa Novemba 2004, na baada ya hapo yakaenea dunia nzima.

Mraba wetu umebakiza vyumba 41. Hakuna hata kimoja kitakachokudai X-Wing. Ukikosa pa kushika, nenda M8W8, chukua mlalo wake, wima wake na boksi lake, na ufukuze wote wanaopaswa kufukuzwa. Atabaki mmoja.